Reale Yangu Ina Makovu, na Siiuzi

Mwenzangu mmoja tunayekusanya naye sarafu aliishika reale yangu, sarafu ya fedha ya reale nane iliyotengenezwa Mexico mwaka 1795, akaigeuza, akanirudishia. "Kaka, hii imeharibika. Ungeongeza hela kidogo ungepata safi."

Kilichomkera ni mihuri midogo mitano iliyogongwa kwenye shavu la Carlos IV, mfalme wa Hispania. Mimi niliinunua kwa sababu ya mihuri hiyo hiyo.

Sarafu ya reale nane ilizunguka dunia. Fedha ya Mexico na ya Potosí, mji wa migodi ulio Bolivia ya leo, ilivuka bahari hadi China kulipia hariri, chai na vyombo vya kaure. Mchina hakuwa na habari na sura ya mfalme, alitaka madini. Aliipima, akiridhika anaigonga muhuri wake, na anayefuata hivyo hivyo. Sisi tunaosema "fedha" kwa madini na kwa pesa tunapaswa kumwelewa upesi.

Tena alikuwa na sababu ya kushuku. Miaka ya 1640 kiwanda cha sarafu cha Potosí kilikuwa kikichanganya shaba kupita kiasi. Kashfa ilipolipuka, mfanyabiashara Francisco Gómez de la Rocha na mpima fedha Felipe Ramírez de Arellano waliuawa kwa hukumu mwaka 1650, na reale za Potosí zikawa zinakataliwa sokoni. Na hilo neno "safi"! Mlima wa Potosí ulichimbwa na wenyeji wa milima ya Andes waliopelekwa kwa zamu za shuruti. Sijui sarafu ya huko itakuwaje safi.

Basi mimi nachagua iliyogongwa. Lakini nikiri: ya kwanza kuinunua ilikuwa na mihuri minane mizuri ajabu, nikalipa bila kupima. Nyumbani mizani ikasoma gramu 22, wakati halisi hukaribia 27. Ukingo nao ulikuwa mtupu, bila vile viduara na vistatili vinavyopishana kwenye sarafu za sura ya mfalme. Waghushi wa siku hizi wanaghushi hadi makovu.

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Sasa natembea na kimizani mfukoni, kama yule Mchina, na ile ya bandia nimeiweka kisanduku kimoja na ya 1795. Akija mgeni namwambia achague mwenyewe. Wengi huchukua ya bandia.