Mfungo wa Saa 72 na Lithiamu Haviendi Pamoja

Ujumbe wa mfungo wa saa 72 umerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp, na safari hii umewalenga watu wenye sonona na baipola, ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi. Kunywa maji matupu siku tatu, seli za ubongo zitakula takataka zake zenyewe, akili itatulia, dawa utaziacha, lithiamu ya baipola ikiwamo. Mwishoni wamebandika jina la Yoshinori Ohsumi na Nobeli yake ya 2016. Ohsumi alitunukiwa kwa kufichua jeni zinazoendesha otofajia, yaani seli kujila takataka zake, ndani ya hamira. Hakuna mgonjwa wa akili aliyefungishwa chakula katika kazi ile, na kulitumia jina hilo kumwachisha mtu dawa ni dhuluma kwa Ohsumi na kwa mgonjwa.

Kinachouma zaidi ni kwamba nusu ya ujumbe ni kweli, na ndiyo maana unaaminika.

Seli ya ngozi iliyojaa protini mbovu hugawanyika, na mzigo hugawanyika nayo. Seli ya neva haina njia hiyo. Uchafu wake lazima iuchakate yenyewe kwa miongo. Utando mpya hujikunja kuzunguka protini zilizoharibika au mitokondria (vinu vya nishati vya seli) iliyochakaa, mara nyingi huko kwenye ncha ya akzoni, mkia mrefu wa seli ya neva, mbali na kiini. Kifuko kikishafunga hukokotwa kurudi kwenye mwili wa seli, safari inayokaribia mita moja kwa neva za mguu. Kinaungana na lisosomu, vyumba vya kumeng'enya vya seli, ambazo pampu zake hushikilia asidi ya pH 4.5 hadi 5, na humo vimeng'enya hukata shehena vipande vya kutumika upya. Mwaka 2006 timu mbili za Japani zilizima Atg5 na Atg7, jeni za otofajia, kwenye neva za panya. Protini zilirundikana, seli zikafa, panya wakaanza kuyumba.

Uhusiano na magonjwa ya akili nao upo. Kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, za watu waliofariki wakiwa na skizofrenia, watafiti walikuta RNA ya kutengenezea beklini 1, protini inayosaidia kuanzisha kifuko, imepungua. Mwaka 2014 kundi la David Sulzer, Chuo Kikuu cha Columbia, lilionyesha kwamba ubongo wa vijana wenye usonji ulibaki na sinapsi (viungo kati ya neva) nyingi zisizopogolewa, huku mTOR, protini inayoibana otofajia, ikiwa juu.

Lakini ugonjwa unaofundisha zaidi ni Niemann-Pick aina ya C, na unazungumzwa kidogo mno. Jeni ya NPC1 ikiharibika, kolesteroli hunasa ndani ya lisosomu na uchakataji unakwama. Baadhi ya wagonjwa huanza ujanani kwa kusikia sauti na kushika dhana potofu, wanaandikiwa skizofrenia, na miaka inapita. Kijana mwenye saikosisi isiyoitikia dawa, anayeyumba akitembea, mwambie atazame juu kisha chini kwa haraka. Macho yakigoma, mpapase wengu na umpeleke kwa daktari wa neva. Kipimo hicho hakina gharama wala mashine.

Katika ugonjwa huo vifuko ndani ya neva ni vingi, si vichache. Hapo ndipo wito wa "ongeza otofajia" unapovunjika. Kuna kuunda vifuko, kuvisafirisha, na kuvimaliza. Foleni ikiwa kwenye lisosomu, kuleta vifuko zaidi ni kuongeza msongamano. Hata maabara hujikwaa hapa: LC3-II, protini ya kuhesabia vifuko, ikipanda, huenda vifuko vinaundwa kwa wingi, au huenda havivunjwi kabisa. Bila kuziba lisosomu kwa kemikali ya bafilomaisini na kulinganisha, matokeo hayasemi lolote. Dawa nazo hazielekei upande mmoja. Ketamini, dawa ya usingizi ambayo huinua wenye sonona kwa saa chache, katika ubongo wa panya huiwasha mTOR, yaani upande unaobana otofajia. Halafu mwaka 2020 wagonjwa waliopewa rapamaisini, inayozima mTOR, kabla ya ketamini walikaa na nafuu muda mrefu zaidi. Anayesema njia ni moja tu hajaisoma njia yenyewe.

Na mfungo? Panya wa utafiti wa 2004 walionyimwa chakula saa 48 walionyesha otofajia kwenye ini na misuli, lakini kwenye ubongo haikuonekana ikipanda. Kwa panya wa utafiti wa 2010, ilionekana kwenye neva. Kwa binadamu aliye hai hakuna kipimo cha hospitali cha kuiona otofajia ndani ya ubongo, kwa hiyo ahadi ya saa 72 haina mahali pa kuthibitishwa.

Sasa lithiamu. Dawa hii, iliyoingizwa kwenye tiba ya mania, ule msisimko wa kupita kiasi, na John Cade mwaka 1949, ndiyo iliyoonyeshwa mwaka 2005, kwenye seli za maabara, kwamba huamsha otofajia kwa kuzuia kimeng'enya cha inositoli bila kupitia mTOR. Mgonjwa anaambiwa aitupe ili apate otofajia! Tena kuikatisha ghafla huleta mania na hatari ya kujiua. Ikilazimu kuacha, daktari huipunguza kwa angalau wiki 4, ikiwezekana miezi 3.

Anayefunga huku anaimeza yuko pabaya zaidi. Kiwango cha kawaida cha lithiamu kwenye damu ni 0.6 hadi 1.0 mmol/L, juu ya 1.5 sumu huanza. Figo huishika lithiamu kama inavyoshika sodiamu. Maji matupu siku tatu, chumvi ya chakula haipo, mwili unaishiwa sodiamu, figo zinaishika kwa nguvu na lithiamu nayo inabaki. Siku ya pili kichwa kinauma, anakimbilia duka la dawa, anapewa diklofenaki au ibuprofeni, ambazo nazo huzuia lithiamu isitoke. Akiwa kwenye dawa za presha za kundi la tiazaidi, hali ni mbaya mara mbili.

Nitakubali hili: utafiti wa Pakistan kwa wagonjwa waliotulia waliofunga Ramadhani haukukuta lithiamu ikipanda. Hao walikula na kunywa kila usiku. Hata hivyo, Morocco mwaka 2000, kati ya wagonjwa 20 wa baipola waliofunga, asilimia 45 walirudiwa na ugonjwa, na usingizi uliovurugika ni mshukiwa wa wazi. Anayetaka kufunga Ramadhani aonane na daktari wiki kadhaa kabla, apime damu saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na usingizi aulinde.

Kwa anayemeza lithiamu, mkono ukitetemeka sana, kuhara, kutapika, ulimi kuwa mzito au miguu kuyumba: usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali, taja lithiamu tangu mapokezi. Damu itolewe hapo hapo bila kungoja saa 12, na isiwekwe kwenye chupa ya lithiamu heparini, maana chupa hiyo yenyewe itapandisha namba.