Taa Kuwaka Si Ushahidi

Fundi bomba akiharibu kazi, maji huvuja na mwenye nyumba huona siku ileile. Kazi mbovu ya umeme inaweza kuonekana nzima kwa miaka. Ndiyo maana "mbona inawaka?" ni utetezi dhaifu kwa mtu asiyesomea kazi hii.

Chukua swichi iliyofungwa kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya waya wa moto (unaouleta). Taa itawaka na kuzimika kama kawaida, lakini hata ikizimwa holda bado ina moto, na anayepanda kubadilisha balbu hana habari. Au kiungo kilicholegea nyuma ya soketi: umeme unaopita ni kiasi kilekile cha kawaida, kwa hiyo breka, swichi inayojikata umeme ukizidi, haikati, huku kiungo kikipata joto mpaka plastiki inaungua. Watu huiamini mno breka. Ile ya ampea 32 imewekwa kulinda nyaya. Miliampea 30 tu, yaani ampea 0.03, zikipita kifuani zinaweza kuhatarisha maisha, na breka hiyo isitikisike. Kinachozigundua ni kifaa kingine, cha kukata umeme unaovujia ardhini, na nyumba nyingi za zamani hazina.

Wanaojifanyia wenyewe nao wana hoja. Fundi mwenye leseni ni gharama, na kazi ya nusu saa mara nyingi haimvutii. Tena wapo wenye vyeti wanaolipua kazi, na wasio navyo waliofunzwa vizuri na fundi makini. Cheti chenyewe hakikazi skrubu.

Australia na New Zealand zina volti 230, plagi za aina moja na hata viwango vya pamoja vya kufunga nyaya. Lakini Australia kwa jumla humkataza mwenye nyumba kugusa nyaya za ukutani, wakati New Zealand humruhusu kubadilisha swichi au soketi ya nyumba anayoishi. Akivuta nyaya mpya, sharti mkaguzi azipime kabla hazijaunganishwa na umeme.

Naelemea New Zealand, maana swali lake ni nani amepima kazi, si nani ameifanya. Ila pasipo na mkaguzi anayefika kweli, heri katazo. Kubadilisha balbu au fyuzi ya plagi kwa nyingine ya ampea zilezile (si kipande cha waya!) hakuhitaji fundi. Kwenye kisanduku cha breka, asiye na kifaa cha kupima kama ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) inashika hawezi hata kujua kama kazi yake imekamilika.