Aliyeng'ara ni Mjomba

Harusi ya binti wa mama mdogo ilifanyika Tanga, na mpiga video nilikuwa mimi. Bure, maana ni ndugu. Mkanda wa saa mbili niliuhariri wiki nzima, hadi nikafika kwenye lile dirisha la mwisho ambapo programu inakuhoji kama karani wa mahakama: picha ya ukubwa gani, fremu ngapi kwa sekunde, bitireti ngapi, yaani data kiasi gani kwa kila sekunde ya video. Nikaweka Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde), nikalala. Asubuhi nikakuta faili la GB 18.

Flashi aliyonunua mama mdogo ilikuwa ya GB 32. Nikanakili, ikakataa: faili kubwa mno. Nafasi iko tele! Nikaichomoa, nikaipuliza, nikairudisha. (Sijui nani alitufundisha kwamba flashi hupona kwa kupulizwa.) Kumbe imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja la GB 4 au zaidi, hata uipigie magoti. Kuifomati upya nikaogopa, kwa sababu runinga ya mama mdogo ni ya zamani na ina ukaidi wake, huenda ingekataa kusoma mpangilio mwingine.

Mama mdogo akapiga simu mara ya tatu. "Mwanangu, wageni wameshakaa kutazama video. Biriani linapoa!"

Hesabu yenyewe ni nyepesi: Mbps 4 mara sekunde 7,200, gawa kwa 8 (biti nane ni baiti moja), unapata MB 3,600, yaani GB 3.6. Ingeingia. Lakini akili hiyo ilikuja baadaye. Siku ile nilishusha hadi Mbps 1, ukubwa wa picha nikauacha 1080p vilevile, likatoka faili la MB 900. Nikalitia kwenye flashi bila hata kulifungua, nikadandia bodaboda.

Mwanzo ulikuwa safi: majina ya maharusi, maua mezani. Vigelegele. Kisha akaingia bi harusi na gauni la vishanga vinavyometameta, mashoga wanarusha mapovu, taa za rangi zinazunguka. Mbps 1 ikanyoosha mikono. Uso wa bi harusi ukageuka vigae vya bafuni. Akipunga mkono, mkono unatangulia, vidole vinafuata baadaye.

Mama mdogo akavaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

"Huyu nani?"

"Bi harusi, mama."

"Na huyu anayemwagika pembeni?"

"Ni wewe."

Kinachokula data ni kile kinachocheza. Kilichotulia hakidai kitu. Na ukumbi mzima aliyetulia alikuwa mmoja tu: mjomba, amelala kiti cha mbele, mdomo wazi, tangu bwana harusi anaingia hadi keki inakatwa. Kamera yangu ya pili, ile niliyoifunga kwenye stendi, ilikuwa imemwelekea yeye. Basi mjomba aling'ara! Ndevu unazihesabu. Punje ya pilau kwenye kanzu unaiona. Jino la dhahabu linawaka.

"Mwanangu," mama mdogo akasema taratibu, "tumemwoza binti yangu au kaka yangu?"

Usiku uleule nikaitoa upya kwa Mbps 4, kesho yake nikaipeleka, nikala kiporo cha biriani kwa aibu. Wote wakataka ile ya kwanza ifutwe. Mjomba akanivuta kando, akatoa flashi yake mfukoni, akanipa, akaninong'oneza nimwekee hiyohiyo.