Ombi Lililobeba Jina la Jirani

Jumatano iliyopita, katika ushirika wetu wa nyumbani huku Kaptembwa, mjini Nakuru, kiongozi alipouliza kama kuna mahitaji ya kuombewa, mwenzetu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba tumkumbuke dada mmoja wa kanisa letu ambaye binti yake wa kidato cha tatu ni mjamzito, na ambaye mumewe, kwa jinsi alivyosikia, amehamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa Free Area. Watu waliguna, wakaulizana ni binti yupi, yule wa kwaya au mdogo wake, kisha tukainamisha vichwa tukaomba. Kufikia Jumapili, habari hiyo ilikuwa imefika kila benchi la kanisa.

Nimekasirika, na hasira hiyo inaanzia kwangu mwenyewe, kwa sababu nami niliitikia "Amina".

Yale yalikuwa masengenyo, na kufumba macho hakukuyageuza kuwa maombi. Mungu hakuhitaji kuambiwa kidato cha yule binti wala mtaa aliohamia baba yake. Sisi ndio tuliotaka kujua. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unatuagiza tuungamiane dhambi zetu na kuombeana, wala sioni mahali unapotupa ruhusa ya kuungama dhambi za jirani asiyekuwapo. Yakobo huyohuyo, katika sura ya kwanza, anasema kwamba mtu anayejidhania ana dini ilhali hauzuii ulimi wake, dini yake haifai. Hasemi kwamba imepungua au inahitaji kutiwa nguvu, anasema haifai. Hata hivyo, kanisani kwetu nimeona kijana akiondolewa kwaya kwa sababu ya pombe, lakini miaka yote niliyoabudu pale sijaona mtu akisimamishwa huduma yoyote kwa kusengenya.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba yapo mambo ambayo kuyanyamazia ni dhambi. Ikiwa binti huyo hajatimiza miaka 18, basi aliyempa mimba huenda ana kesi ya kujibu chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, na hilo lilistahili kusemwa kwa mama yake, kwa chifu na kwa polisi. Lakini katika maneno yote yaliyotoka vinywani mwetu usiku ule, hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza juu ya mwanamume huyo. Tulisema yote yaliyomwaibisha mtoto, tukaliacha lile moja ambalo lingemlinda.

Sisi wa Nakuru hatuna udhuru wa kuuchezea ulimi. Kabla nyumba hazijaanza kuchomwa, neno "madoadoa", la kuwadharau watu wa makabila mengine kama wageni wasiotakiwa, lilikuwa limekwisha kutamkwa hapa Bonde la Ufa juu ya majirani, nao waliolitamka na waliotajwa kwalo wengi wao walikuwa Wakristo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini Kenya. Yakobo alipoandika kwamba ulimi ni moto, alikuwa akiandikia watu kama sisi, na ninaogopa tunapousoma mstari huo kana kwamba unawahusu wanasiasa peke yao.

Jumamosi nilikwenda kwenye kibanda cha yule mama nikiwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha. Nilimkuta akikata sukuma wiki, binti yake ameketi nyuma ya magunia, ameupa mgongo mlango. Niliyasema yale niliyokuwa nimeyapanga, kwa sauti ambayo ni yeye tu angeisikia. Hakunijibu. Alinifungia mboga za shilingi hamsini, akanirudishia chenji, akaniuliza kama ushirika wa Jumatano ijayo utafanyika nyumbani kwa nani.