Pine ya Mbele Inabeba Nini?

Sisi wa Goma baiskeli tunaiita kinga. Wasomaji wa Dar na Mombasa mtashangaa, maana kwenu kinga ni ile ya kuzuia ugonjwa. Subirini, tutafika huko.

Kinga yangu niliinunua ya mtumba, ya milimani, magurudumu ya inchi 29, kwa sababu daktari alilitazama tumbo langu, akalitazama tena, akaniambia nitafute mazoezi kabla mazoezi hayajanitafuta. Matairi yake yalikuwa yamefika na vipara. Nami nina ugonjwa mwingine ambao daktari hakuuona: sifanyi kitu bila kukisomea. Wiki mbili nilisoma habari za matairi usiku, hadi mama watoto akauliza ni nani huyo ananiweka macho kwenye simu.

Nilichoelewa ni kwamba tairi, au pine kama tunavyosema Goma, la mbele na la nyuma hayafanyi kazi moja. La mbele ndilo linalokata kona, na ukifunga breki uzito mwingi unalikimbilia, kwa hiyo hupewa upana, meno marefu na mpira laini wa kung'ang'ania. La nyuma likiteleza, kiuno kinajua na mguu unawahi. La mbele likiteleza, habari unaipata kutoka kwa ardhi. La nyuma linasukuma na linaliwa haraka, basi lipewe mpira mgumu na meno mafupi yasiyokula nguvu zako. Mimi nikaongeza sharti la Goma: mbavu nene. Tangu lava ya volkano ya Nyiragongo ipite katikati ya mji Januari 2002 na kwenda kuzimikia ziwani, tumejenga juu yake na tunatembea juu yake, na jiwe lile jeusi lina makali ya chupa iliyovunjika. Linapenda kuchana tairi ubavuni.

Jumamosi nzima nikazunguka mtaa wa Birere. Nilipata tairi moja la 29, pana, meno kama mahindi ya kuchoma. La pili hakuna. Muuzaji akaingia ndani, akarudi na la 28, jembamba, la zile kinga nyeusi za kubebea mizigo.

"Papa, 28 na 29 ni ndugu. Inapungua moja tu. Utaivuta kidogo, itaingia."

Hesabu ya darasa la pili ilikubali. Nikalipa.

Kumbe namba ile si kipimo cha rimu. Ni makadirio ya tairi zima likiwa limejaa upepo, tena makadirio ya watu wa zamani. Tairi la 29 la milimani linakaa kwenye rimu ya milimita 622. Lile la kinga nyeusi, 28 x 1 1/2, linakaa kwenye rimu ya milimita 635. Yaani 28 ni kubwa kuliko 29! Na ili uchanganyikiwe vizuri, ipo 28 nyingine, ya baiskeli za Ulaya, ambayo nayo ni 622. Namba ya kweli huandikwa ubavuni kwa maandishi madogo kama masharti ya mkopo, na siku ile miwani niliiacha nyumbani.

Fundi wangu anafanyia kazi Majengo, chini ya turubai la bluu, na pembeni kuna benchi la wazee wasio na kinga lakini wenye maoni. Alilichukua lile tairi la meno, moja kwa moja akaenda nalo nyuma.

"Hapana fundi, hilo ni la mbele."

Akanitazama kama mtu aliyevaa shati kinyume.

"Papa, kinga inabeba muzigo wapi?"

"Nyuma."

"Na mama ukimupakia, anaikala wapi?"

"Nyuma."

"Sasa pine ya mbele inabeba nini? Inabeba mikono yako!"

Benchi likacheka mpaka mzee mmoja akakohoa. Wiki mbili za kusoma zikayeyuka palepale. Nilitaka kusema habari za kona na uzito unaokimbilia mbele, lakini mbele ya benchi lile maneno yalinitoka kama ya mwanafunzi aliyekariri. Na niseme haki: kwa mtu mwenye magunia mawili ya viazi nyuma, fundi yule sina la kumpinga hata leo. Tatizo mimi mzigo wangu niliubeba mbele, chini ya shati.

Basi la 28 likaenda mbele. Tairi zuri hukutoa jasho kulivalisha. Unatumia vyuma, unatumia magoti, unataja majina ya watu. Lile liliingia kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto.

"Umeona?" fundi akasema. "Mikono ya kazi."

Kisha akachana shambrea, yaani mpira wa ndani, ya zamani, akaizungusha kwenye rimu ili kujaza nafasi. Nafasi! Na mimi nikiwa nimesimama pale, nikampa na ya soda.

Jumapili asubuhi nikateremka kuelekea Himbi kwa njia ya mawe, kofia kichwani, soksi nimevuta. Nyuma palishika kama gundi. Mbele palikuwa na kamchezo kadogo, nikadhani ndiyo teknolojia. Mbele yangu chukudu, ile skuta ya mti ya kubebea mizigo, iliyopakia mbao ikasimama ghafla. Nikafunga breki.

Gurudumu likasimama, tairi likaendelea. Nililiona likivuka ukingo wa rimu taratibu, na mpira wa ndani ukatoka pembeni kama ulimi wa mbuzi, ukavimba, ukavimba.

PWAA!

Sasa, Goma mlio wa namna hiyo, kama wa risasi, hauulizwi. Watu hulala kwanza, maswali baadaye. Mtaa mzima ukaenda chini. Duka likafungwa likiwa na mteja ndani. Mama mmoja muuza sambaza aliingia chini ya meza yake na beseni lake, bila kumwaga samaki hata mmoja. Ufundi huo haufundishwi shuleni. Na mimi pia nilikuwa chini, ila kwa sababu zangu.

Ukapita muda wa kimya. Kisha vichwa vikaanza kuinuka kimoja kimoja, vikaona mzee mnene amelala kwenye mawe, gurudumu likizunguka hewani tik tik tik.

"Ni kinga!" mtoto akapiga kelele.

Hapo ndipo niliposikia matusi ya lugha nne.

Mwenye chukudu ndiye aliyenihurumia, kwa franka elfu tano. Akapakia kinga yangu juu ya mbao zake, kitu chenye gia juu ya kitu cha mti, akanipitisha kwenye dispansari. Muuguzi, Mkenya, alikuwa anasugua goti langu kutoa lava, nami nikainua macho ili nisilie, nikaliona bango ukutani: KINGA NI BORA KULIKO TIBA.

"Kinga ndiyo imenileta," nikamwambia. Mkenya yule, hakucheka.

Nyumbani mwenye chukudu aliligeuza tairi la 28 mikononi. Magurudumu ya chukudu yake ni mti mtupu, amegongomelea mpira wa tairi kuukuu kuzunguka. Haijui pampu, haijui namba. Akapunguza elfu moja kwenye bei, akaondoka nalo.

Siku hizi hunipita asubuhi nikienda kazini kwa miguu. Alilikata vipande viwili, kimoja akakipigilia nyuma, kimoja mbele.

"Patron!" hunipigia kelele akiteremka. "Imetosha kabisa!"