Punguzo la Bei Halimrudishi Mteja wa Piano

Hapa Mtwara piano ni za kuhesabu. Makanisa mengi yameshahamia vinanda vya umeme, na hivyo havihitaji kutyuniwa, yaani kurekebishwa nyuzi ili sauti zikae sawa. Fundi ukipoteza wateja watatu, umefunga kazi. Kwa hiyo wenzangu wanaponishauri nishushe bei ili watu wasinikimbie, nawashangaa. Mwenye piano hakimbii bei. Anamkimbia fundi aliyekaza nyuzi, akachukua hela, na wiki tatu baadaye sauti zikaanza kuteleza.

Na kwa pwani yetu zitateleza tu. Ubao wa sauti, ule mpana unaokuza mlio wa nyuzi, ni mti, unakunywa unyevu. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, ubao unavimba, nyuzi zinavutika, sauti inapanda. Kiangazi inashuka. Piano ina nyuzi zipatazo 230 na hazisogei kwa kipimo kimoja, ndiyo maana unasikia kama kwaya iliyogombana. Ongeza chumvi ya bahari: nyuzi zinashika kutu, na ukizikaza kwa pupa zinakatika. Tena piano iliyoshuka sana haitulii kwa siku moja. Unaipandisha leo, unarudi baada ya wiki mbili kuimalizia. Safari hiyo ya pili mimi siitozi. Wapo wanaoniita mjinga, sawa. Ila mteja asiyeelezwa haya mapema ataona ameibiwa, nami simlaumu.

Kuna mama mmoja wa Shangani, mwalimu mstaafu, aliniita kwa kibonye kimoja kilichokwama. Kazi ya dakika kumi. Nikaona nivivue vyote 88, nivipange juu ya mkeka kwa namba zake. Chini ya pale vilipokuwa tulikuta korosho. Panya alikuwa amefanya ghala humo, na kitanda chake amekifuma kwa sufu aliyoinyofoa kwenye vinyundo vinavyogonga nyuzi! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nikafagia, nikapangusa, na pedali iliyokuwa ikilia nikaipaka grisi kidogo, maana kelele ile ingenikera hata nikiwa nyumbani kwangu.

Kisha nikamwambia, “Mama, iondoe hapa kwenye dirisha la baharini, iegemee ukuta wa ndani. Na chombo cha maua kisikae juu yake. Kutyuni tusubiri mvua ziishe, sasa hivi utapoteza hela.” Akaniangalia kama nimeugua. Fundi anayekataa hela?

Mvua zilipokwisha nilimpigia mimi. Nina daftari: kila piano, tarehe, sauti ilikuwa imeshuka kiasi gani, niliahidi nini. Daftari hilo nalithamini kuliko spana yangu ya kukazia, na spana yenyewe haipatikani hapa mjini.

Juzi mama kanipigia tena. Nikauliza ni kibonye kipi.

“Siyo piano, mwanangu. Mlango wa kabati la vyombo unalia. Ile grisi yako bado ipo?”

Nikaenda nayo.