Gari la jeshi kwenye tope la Makete: lenyewe linatoka, barabara je?

Kuanzia Desemba hadi Aprili, gunia la viazi lililochimbwa juu ya Matamba lina njia mbili: lishuke na gari au lioze pembeni ya shamba. Fuso likikwama, mzigo unashushwa kwenye mvua na mnunuzi anakata bei palepale. Ndiyo maana kila kifuku, kuanzia Makete hadi Umalila, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, linarudi wazo la kununua magari ya jeshi yaliyostaafu. Kama yanapita kwenye theluji ya kufika kiunoni huko milima ya Ulaya, tope letu litayashinda kwa lipi? Swali ni la haki, na jibu lake lianzie chini ya tairi.

Theluji hukandamizwa. Uzito ukisambazwa vizuri, gari linaishindilia na kupita juu yake. Bv206 ya Sweden, mashine ya vyumba viwili vilivyounganishwa, inatembea kwa mikanda minne mipana ya mpira kwa sababu hiyo hiyo. Udongo mwekundu wa Mufindi hauna tabia hiyo. Unanata, unajaza kashata za tairi mpaka tairi linakuwa laini kama chungu, kisha linazunguka bila kushika. Mahali penye tope jepesi juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba linalokata hadi chini linalishinda lile pana. Kwa hiyo kufaulu kwenye theluji si cheti cha kufaulu Ludewa. Na mikanda ya mpira, ambayo ni ghali, ikipelekwa kwenye barabara zetu za mawe wakati wa kiangazi, italiwa haraka.

Hata hivyo magari haya yana uwezo wa kweli. ZIL-131 na Ural-4320, malori ya jeshi ya Urusi yenye tairi sita zinazovuta, humruhusu dereva kupunguza upepo wa matairi akiwa kwenye kiti, kutoka bar 3 hivi hadi bar 0.5, ingawa kwa upepo huo mdogo mwendo usizidi kilomita 10 kwa saa. Unimog U1300L, lori la Kijerumani, ina ekseli zilizokaa juu ya kitovu cha gurudumu, kwa hiyo tumbo lake liko zaidi ya sentimita 40 kutoka ardhini. Kwa gari lisilo na mfumo huo wa kupunguza upepo, shusha hadi nusu ya upepo wa kawaida na uishie hapo. Tairi lenye tyubu likilegea zaidi linateleza juu ya rimu na kung'oa vali. Kufuli la difu, linalolazimisha magurudumu yazunguke pamoja, lifungwe gari likiwa limesimama, kabla ya kuingia kwenye tope. Ukilifunga tairi moja likiwa linazunguka peke yake, unavunja meno. Ukifika kwenye changarawe ulifungue kabla ya kona, la sivyo shafti ndiyo itakayokatika.

Wanaotegemea winchi, mashine inayovuta gari kwa waya unaojizungusha kwenye ngoma, wapige hesabu kwanza. M35A2, lori la jeshi la Marekani, ina karibu tani 6 ikiwa tupu. Ipakie magunia 23 ya kilo 100 na inafika tani 8.3. Kanuni ya uokoaji ya jeshi hilo ni kwamba gari lililozama kina cha magurudumu linahitaji nguvu ya kuvuta inayolingana na uzito wake wote, na likizama hadi kwenye madigadi, mara mbili yake. Winchi ya mbele ya gari hilo inavuta tani 4.5. Ukiongeza kapi moja unapata tani 9 kwa karatasi, na msuguano unapunguza. Hapo dawa ni kushusha magunia kabla ya kugusa waya, kubakiza angalau mizunguko mitano kwenye ngoma, kutandika turubai zito juu ya waya na kuwaondoa watu wote. Waya wa chuma ukikatika unaua. Msindano mchanga wa shambani si nanga ya kutegemea. Zika gogo zima kwenye shimo la kina cha mita moja.

Upande wa pili wa mizani ni mzito kuliko wauzaji wanavyosema. ZIL-131 inakunywa kama lita 40 za petroli kwa kilomita 100. Chukua njia ya kilomita 20 kutoka shambani hadi kwenye barabara nzuri: kwenda na kurudi ni lita 16, na tope likifanya matumizi yawe maradufu ni lita 32 kwa magunia 35. Hiyo ni karibu lita moja kwa kila gunia, kabla hujamlipa dereva na utingo. Kisha kuna mwinuko. Kwenye mita 2,600 za Kitulo hewa ni nyepesi kwa karibu robo, na injini ya dizeli isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa, inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi.

Breki ndizo zinazonitisha zaidi. Kwenye M35A2 upepo unasukuma mafuta ya breki kupitia njia moja tu. Mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote yanakosa breki. Fikiria hilo kwenye kona za Hamsini na Saba kuelekea Chimala, usukani ukiwa kushoto, mzigo ukisukuma kwa nyuma. Na gari la stoo lenye kilomita chache si gari jipya, maana mpira huzeeka hata ukisimama. Tazama tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 1208 ni wiki ya 12 ya mwaka 2008. Mabomba ya breki na sili ambazo hazijabadilishwa zina umri uleule wa gari. Kwenye Unimog fungua oili ya giaboksi ndogo ya kila gurudumu. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia.

Lakini hoja ninayoiona kubwa kuliko zote haihusu mwenye gari. Theluji ikiyeyuka, alama za matairi hupotea nayo. Tope la Makete likikauka, zinabaki mpaka greda lije. Lori zito likipita siku tatu mfululizo kwenye mvua linaweza kuacha mifereji ya kina cha sentimita 40, na tuta katikati. Land Cruiser ya zahanati ina nafasi ya sentimita 23 hivi chini ya tumbo. Itapanda kwenye tuta hilo, magurudumu yakining'inia, mama mjamzito akiwa ndani.

Kwa hiyo nakubali gari moja, si msururu. Limilikiwe na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya vijiji kadhaa vinavyotumia njia moja, liwe Bedford ya Uingereza au Unimog yenye usukani wa kulia, na fundi wake awe amepatikana kabla ya gari. Injini ya OM352 ya Unimog U1300L ilifungwa pia kwenye malori ya kawaida ya Mercedes-Benz, na hilo linasaidia sana kwenye spea. Kazi yake iwe kilomita za mwisho kati ya shamba na pale Fuso linapoweza kusubiri, nusu mzigo, saa kadhaa baada ya mvua kukatika. Sehemu ya nauli ya kila gunia inunue changarawe, kalavati na vibarua wa kuzibua mitaro, kwa sababu barabara nyingi hazikwamishi magari mwanzo hadi mwisho: ni mita 80 hapa, mita 200 kule, karibu kila mara mahali ambapo maji hayana pa kutokea.